Kijana Wamalwa na Safu ya Nyuma ya Imamu

Katika baraza za Pwani, tangu Lamu hadi Vanga, mazungumzo ya siasa yakishapata kahawa chungu huishia katika swali moja: "Na sisi je, wetu lini?" Wazee huuliza kwa huzuni, vijana huuliza kwa hasira. Wana haki ya kuuliza, kwani tangu Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964 hajatokea Mpwani hata mmoja aliyepewa kiti cha umakamu wa rais, seuze kile cha urais wenyewe. Tumepata mawaziri, tumepata mabalozi, lakini kiti cha pili hatujakikalia.

Sina nia ya kulizima swali hilo. Nataka tulipime. Ili tulipime itatubidi tuiache bahari nyuma yetu, tupande bara mpaka tuuone Mlima Elgon, ambao wenyeji wake Wabukusu wauita Masaba. Huko, kati ya Bungoma na Kitale, wako watu waliopata kile tunachokililia sisi. Walimpata makamu wa rais, mwana wao wa kuzaliwa, msomi na msemaji, naye akakikalia kiti kwa muda usiotimia miezi minane. Jina lake Michael Kijana Wamalwa.

KITI CHENYEWE NI NINI?

Kabla ya kumzungumza mtu, ni vyema tukijue kiti. Cheo hiki cha makamu, kama tunavyokijua katika jamhuri nyingi za leo, kilikuja na Wamarekani. Makamu wao wa kwanza, John Adams, alianza kazi mwaka 1789, na akiwa bado katika kiti hicho akamwandikia mkewe barua akilalamika kwamba nchi yake imembunia cheo kisicho na maana kuliko vyote vilivyopata kubuniwa na binadamu. Kazi yake ilikuwa kuongoza vikao vya Seneti na kupiga kura pale tu kura zinapolingana. Zaidi ya hapo alikuwa mtu wa kungoja.

Kungoja huko kuna pande mbili. Makamu wanane wa Marekani waliingia ikulu kwa sababu rais alikufa, wa mwisho wao akiwa Lyndon Johnson mwaka 1963. Makamu saba wengine walitangulia kufa wao wenyewe, wakiwa bado katika kungoja. Mmoja wao, William King, mwaka 1853 alikuwa mgonjwa hata akaapishwa akiwa Cuba, alikokwenda kutafuta afya. Alirudi kwao Alabama akafa Aprili ya mwaka huo huo, bila kuifanya kazi ya umakamu hata siku moja katika mji mkuu.

Hapa kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu mwaka 1966. Joseph Murumbi, mpenda vitabu na kazi za sanaa, alishika nafasi hiyo kwa miezi michache ya mwaka huo huo akaiacha. Daniel arap Moi aliingia mwaka 1967 akangoja zaidi ya miaka 11, mpaka Mzee Kenyatta alipofariki hapa hapa Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Mwai Kibaki alikaa miaka 10 akashushwa. Josephat Karanja hakuumaliza mwaka wa pili. Profesa George Saitoti aliachwa nje baada ya uchaguzi wa 1997, nchi ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila makamu yeyote, kisha mwaka 1999 akarudishwa pale pale. Ndiyo kusema kiti hiki kilikuwa mkononi mwa rais: akitaka humpa mtu, asipotaka humnyang'anya. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokuja kubadili jambo hilo, naibu wa rais akawa wa kuchaguliwa pamoja na rais kwa kura moja, asiweze kufukuzwa na rais peke yake. Hata hivyo mwaka 2024 tuliona kwamba Bunge laweza kumwondoa.

Basi hicho ndicho kiti. Na sasa tumtazame mwenyewe.

JINA NA NASABA

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1944, kijijini Sosio, karibu na Kimilili, katika wilaya ya Bungoma. Wabukusu humwita mtoto kwa msimu aliozaliwa. Wafula amezaliwa wakati wa mvua, Wekesa wakati wa mavuno, Wanjala wakati wa njaa, Wanyonyi wakati wa palizi, Simiyu wakati wa kiangazi. Wasichana nao ni Nafula, Nekesa, Nanjala. Na Wamalwa ni yule aliyezaliwa wakati wa pombe.

Najua msomaji wangu wa Pwani ameshtuka kidogo hapo, nasi twaijua hukumu ya kitu hicho. Lakini jina hilo halikutolewa kwa kusifu ulevi. Lasema tu kwamba mavuno yalikuwa yameingia ghalani, nafaka ilikuwa tele, na watu walikuwa na la kushukuru kwa namna waliyoijua wao. Mimi nimelichukua kuwa ni jina la mwaka wa neema.

Na Kijana? Neno hilo halihitaji mkalimani. Ni Kiswahili chetu hiki hiki, kilichopanda bara na misafara iliyokwenda mpaka kwa Mumia, kikabaki huko. Watu walimwita Kijana akiwa shuleni, wakamwita Kijana akiwa mbunge, na siku walipomzika, mtu mwenye umri wa miaka 58, walikuwa bado wanamwita Kijana.

Babaye, Mzee William Wamalwa, alikuwa mkulima mwenye uwezo na mwanasiasa aliyepata kukaa bungeni. Kwa hiyo mtoto hakulelewa katika dhiki. Alisoma shule za kwao magharibi, akapitia Strathmore jijini Nairobi, na katika miaka ya 1960 akapata msaada wa masomo wa Jumuiya ya Madola uliompeleka chuo cha King's, Cambridge, kusomea sheria. Akaongeza elimu jijini London, akakubaliwa kuwa wakili huko huko Uingereza. Aliporudi alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huku akisimamia mashamba ya familia Kitale. Siasa ilikuwa damuni. Mwaka 1979 aliingia bungeni kwa kiti cha Kitale Magharibi. Na siasa za vyama vingi ziliporudi, akachaguliwa Saboti mwaka 1992, tena 1997, tena 2002.

NILIYOYASIKIA LUGULU

Safari zangu za kuandika zilinifikisha Lugulu miaka kadhaa baada ya mazishi yake. Ukitoka Webuye kushika njia ya Kitale, kilima cha Chetambe kikiwa nyuma yako, utafika mahali hapo bila kuchelewa. Ni mji mdogo wa shule na hospitali ambao jina lake lilikuzwa na misheni ya Marafiki, wale Wakristo waitwao Kwekwa. Shule yao ya wasichana ina sifa nchi nzima. Pande zote mbili za njia ni mahindi, na mbele yako ni mlima.

Chetambe si kilima cha kupitwa kimya. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya ngome zao za udongo, Lumboka na Chetambe, wakapigwa na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley. Katika jeshi hilo walikuwamo askari wa Kisudani, Waislamu wenzetu, waliokuwa chini ya bendera isiyokuwa yao. Nayaandika haya ili tusije tukadhani kwamba habari za Lugulu hazituhusu. Watu wa huko wanatukumbuka kwa mema na kwa mengine.

Nilikaribishwa chai na mzee mmoja, mkulima, aliyeketi nje ya duka la mbegu. Kofia yangu ilimtosha kunijua.

"Karibu, Maalim," aliniambia. "Umetoka Mombasa kuja kutazama mahindi?"

Nikamjibu, "La, Mzee. Nimekuja kusikia habari za Wamalwa."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana hatukumla vizuri." Maana yake, hawakupata kumfaidi. Nikamuuliza kama aliona uchungu kwamba mtu wao alikuwa namba mbili, akafa hajawa namba moja. Mzee alicheka, akaninyoshea kidole kwenye shamba lililokuwa ng'ambo ya njia.

"Maalim, nyinyi mnavua samaki, hamjui kulima kwa ng'ombe. Mbele anatangulia kijana anayewaongoza ng'ombe kwa kamba. Huyo ndiye kila mtu anamwona. Nyuma yuko mtu ameshika plau. Mstari ukinyooka, watu wanamsifu wa mbele. Lakini ukipinda, nenda kamuulize wa nyuma."

Sikuwa na la kumjibu. Ila moyoni nilikumbuka kwamba maneno yale si mageni kwangu. Nimeyasikia chuoni tangu udogo, kwa lugha nyingine.

Tulifunzwa na masharifu wetu kwamba Mtume (S.A.W.) aliwataka wenye akili na busara wasimame karibu naye katika sala, nyuma yake hasa. Si kwa heshima ya mahali tu. Imamu aweza kusahau aya, na aliye nyuma yake ndiye wa kumkumbusha. Imamu aweza kutokwa na udhu, na aliye nyuma yake ndiye wa kusogea mbele akaikamilisha sala. Kwa hiyo mahali pale hapafai mtu asiyejua kusoma, wala hapafai mtu anayetamani imamu ateleze. Panataka mtu awezaye kusalisha, ambaye kwa hiari yake amekubali kusalishwa.

MTU WA ULIMI

Tatizo la Wamalwa, kama ni tatizo, ni kwamba Mungu alimjalia ulimi. Wenye ulimi hawapendi kusimama nyuma. Mimi ni mtunzi wa mashairi na nawajua wenzangu. Bungeni na katika mikutano ya hadhara alisikizwa hata na mahasimu wake. Kiingereza chake kilikuwa cha Cambridge, laini, chenye mizaha ya kuchelewa kuuma, na alijua namna ya kumjeruhi mtu hali yule anacheka.

Wengi walidhani ufasaha ule aliutoa Uingereza. Mimi nadhani Uingereza iliupa nguo tu, mwili aliuzaliwa nao. Wabukusu wana mila yao iitwayo kumuse. Mzee mwenye heshima anapokufa, baada ya maziko watu hukusanyika, na msemaji aliyerithi kazi hiyo katika ukoo wake husimama peke yake katikati ya uwanja. Hutembea huku na huko kwa saa nyingi, akitaja asili ya kabila, koo na vita vyao, akionya vijana, akiwasuta wakubwa, na hapana amkatizaye. Mzee Manguliechi wa Bungoma alijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Watu waliolelewa na mila kama hii hawalioni neno kuwa ni upepo. Sisi twaandika diwani na tenzi tukazihifadhi makabatini. Wao diwani yao husimama uwanjani ikawatazama watu machoni.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana kumsifu maiti kwa asichokuwa nacho ni kumdhihaki. Wamalwa alijulikana kwa kuchelewa. Watu waliweza kumngoja mkutanoni tangu asubuhi akatokea jua likipinda, au asitokee kabisa. Wapinzani wake walisema ni mtu wa raha, mwenye vipawa vingi na bidii kidogo. Hata wafuasi wake hawakuweza kuikanusha sana kauli hiyo. Ulimi huweza kumzoesha mwenyewe kudhani kwamba jambo likishasemwa vizuri limekwisha kutendeka.

MIAKA YA KUGOMBEA UIMAMU

Tukumbuke hali ilivyokuwa. FORD ilipoanzishwa mwaka 1991 ilikuwa tumaini la wengi, lakini mwaka uliofuata ikapasuka mapande mawili kwa kugombea nani awe mbele. Katika siku hizo hizo, tarehe 14 Agosti 1992, mzee wa siasa za Kitale, Masinde Muliro, alirudi kutoka London akafa uwanja wa ndege wa Nairobi. Wabukusu walibaki mayatima, na macho yakamwelekea Wamalwa.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ukafika. Moi alipata kama asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba alipata kama 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Jumlisha hizo tatu za mwisho, msomaji wangu, utaona kwamba zaidi ya nusu ya wapigaji kura walitaka mabadiliko, na hawakuyapata, kwa sababu maimamu walikuwa watatu katika msikiti mmoja.

Jaramogi alifariki Januari 1994, na Wamalwa, aliyekuwa naibu wake, akapanda kuwa kiongozi wa FORD-Kenya. Bungeni aliongoza ile kamati ya kukagua hesabu za serikali. Lakini ndani ya chama hakukuwa na salama. Raila Odinga naye alikitaka kiti cha babaye, wakavutana, chama kikadhoofika, na mwisho wa 1996 Raila akatoka. Mwaka 1997 kila mmoja aligombea urais kivyake. Moi akarudi na asilimia kama 40. Wamalwa akawa wa nne, na kura zipatazo nusu milioni. Kwa mara ya pili wengi walishindwa na wachache, na Wamalwa alikuwa mmoja wa sababu.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie. Mwaka 2002 ulipokaribia, Wamalwa alikuwa na kila kisingizio cha kugombea tena. Alikuwa na chama chenye jina. Alikuwa na watu waliomngoja tangu kufa kwa Muliro. Alikuwa na ulimi kuliko wote aliokuwa akikaa nao meza moja. Walikaa watatu, Kibaki, Charity Ngilu na yeye, wote waliogombea 1997, na wawili kati yao wakakubali kurudi nyuma. Ilikubaliwa kwamba Kibaki ndiye atakayesimama mbele, na Wamalwa awe makamu wake. Baadaye akina Raila walipotoka KANU walijiunga nao, Oktoba 2002, ukazaliwa muungano wa NARC. Desemba ya mwaka huo Kibaki alishinda kwa asilimia 62. Zile kura zilizotapanywa 1992 zilikuwa zimerudi safuni.

Historia ya dini yetu ina kisa ambacho sikiwezi kukipita. Sayyidna Umar alipochomwa jambia akisalisha alfajiri, mwaka wa 23 wa Hijra, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf akamsogeza mbele, naye akaikamilisha sala kwa wepesi. Kisha Umar akaacha watu sita washauriane kumpata khalifa baina yao, na Abdurrahman alikuwa mmojawapo. Alikuwa na haki ya kukitaka cheo. Alichofanya ni kujitoa mwenyewe, ili apate kuwauliza watu na kuamua bila ya kujipendelea, na kwa njia hiyo akapatikana Sayyidna Uthman. Simlinganishi sahaba na mwanasiasa wa zama zetu, hasha. Nasema tu kwamba jambo la kujitoa lina heshima ya kale kwetu, na tukiliona kwa mwingine, hata kama si wa dini yetu, itupasa tulitambue.

Na msiseme kwamba alijitoa kwa sababu aliahidiwa cheo. Kweli aliahidiwa. Lakini nimekwisha kuonyesha cheo hicho kilikuwa cha namna gani wakati huo: cha kupewa leo na kunyang'anywa kesho. Aliacha kugombea kitu kikubwa, akapokea kitu ambacho mwingine angeweza kukifuta kwa kalamu.

MIEZI ISIYOTIMIA MINANE

Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002 akiwa kitini cha magurudumu, kwa ajali ya gari iliyompata wakati wa kampeni. Siku chache baadaye, Januari 2003, Wamalwa akateuliwa makamu wa rais. Aliyemtangulia, Musalia Mudavadi, alikuwa amekaa kitini kama miezi miwili tu, mwisho wa utawala wa Moi.

Ndugu msomaji, ajabu ya majaliwa ni kwamba imamu mgonjwa alipona, na aliyesimama nyuma yake ndiye aliyeanguka. Afya ya Wamalwa haikuwa nzuri. Alikwenda London kutibiwa, na tarehe 23 Agosti 2003 akafariki katika hospitali ya Royal Free. Alikuwa makamu wa kwanza wa Kenya kufa akiwa kazini. Alirudishwa nyumbani, akafanyiwa maziko ya kitaifa, na mwanzoni mwa Septemba akazikwa katika ardhi ya familia yake, Kitale. Mwezi huo huo Moody Awori, mtu wa Busia, akachukua nafasi yake. Kwa hiyo katika muda usiotimia mwaka, magharibi ya Kenya ilitoa makamu watatu.

Kenyatta Agosti, Muliro Agosti, Wamalwa Agosti: nimewasikia watu wakiuita mwezi huo wa nuksi. Sisi nasi tunao wanaouogopa Mfungo Tano mpaka safari na harusi hukatizwa. Dini imetukataza dhana hizo. Mwezi hauui mtu. Ajali ikifika haina Agosti wala Februari.

Alifanya nini katika miezi hiyo? Tukisema ukweli, hakupata nafasi ya kufanya kikubwa. Hakuacha barabara yenye jina lake aliyoijenga kutoka kiti hicho, wala sheria aliyoitunga kutoka hapo. Mwenye kumpima kwa miezi ile atasema alipita tu. Ndiyo maana nasema tusimpime kwa miezi ile. Kazi yake kubwa aliifanya kabla ya kuapishwa, siku aliyokubali kwamba mwingine asimame mbele.

MTU WA LUGULU NA MTU WA KILIFI

Nimebakiza jambo moja, nalo latuhusu sisi moja kwa moja. Tulisema kwamba Pwani haijapata kiti. Lakini mwaka 1960 ilipoanzishwa KADU, kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala, mwana wa Kilifi, na naibu wake alikuwa Masinde Muliro, yule yule mzee wa Wabukusu niliyemtaja. Muliro alikuwa amesoma mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, na alikuwa na watu wengi nyuma yake. Hata hivyo alisimama nyuma ya mtu wa Pwani, wakaenda pamoja kwenye mikutano ya katiba, wakatetea majimbo pamoja, mpaka chama kilipovunjwa Novemba 1964. Watu wa upande ule walikwisha kutushikia plau, sisi tukiwa mbele na kamba ya ng'ombe.

Basi tunapokaa barazani tukauliza, "Wetu lini?", tuongeze na swali la pili: kati yetu ni nani aliyekubali kurudi nyuma ili wetu mmoja apate kusogea? Tuhesabu chaguzi zetu, tangu udiwani hadi ubunge na ugavana, tuone ni mara ngapi watu watano wa mtaa mmoja waligawana kura za mtaa mmoja, na wa sita asiyependwa na yeyote akapita katikati yao. Tuhesabu kamati za misikiti yetu pia, ikiwa tutavumilia. Hakuna aliyetuzuia kunyoosha safu. Kiti cha mbele hupewa watu ambao safu yao imenyooka, na safu hunyooshwa na kila mmoja kutazama mguu wake mwenyewe, si wa jirani.

Wabukusu hawakumfaidi Kijana wao, na uchungu huo bado wanao. Lakini mzee yule wa duka la mbegu hakuniambia kwamba waliibiwa, wala hakutukana mtu. Alinionyesha shamba. Mistari ilikuwa imenyooka, na mahindi yalikuwa yamefika magotini.